Njia Iliyoachwa ni ya Nani?

Katika lugha yetu neno "barabara" lina kazi mbili. Hutaja njia pana ipitwayo na watu na magari, na pia husema kwamba jambo limefanywa sawasawa, bila kasoro. Mwanafunzi akiandika insha njema, mwalimu humwambia kwamba ameandika barabara. Sikusudii hapa kueleza asili ya neno hilo. Nakusudia kuuliza swali ambalo maana hizo mbili, zikiwekwa pamoja, hutuuliza sisi sote: ni lini barabara huwa imejengwa barabara?

Swali hilo huwa gumu zaidi katika hali moja. Serikali hutwaa ardhi kwa ajili ya kazi fulani ya umma: reli, barabara kuu, bwawa, au kiwanja cha ndege. Watu huhamishwa, nyumba huvunjwa, mashamba hukatwa katikati. Kisha shauri lile hufa. Pengine fedha zimekwisha, pengine watawala wamebadilika, pengine wananchi wamelikataa. Ardhi hubaki wazi kwa miaka mingi, halafu huja shauri jingine, nalo hupitishwa juu ya njia ile ile kwa kuwa imekwisha kusafishwa. Je, ile haki iliyotumiwa kuitwaa ardhi kwa shauri la kwanza yahamia yenyewe kwenye shauri la pili, kama mali ya marehemu imwendeavyo mrithi? Au yafa pamoja na shauri lake?

Wako watakaojibu upesi kwamba hayo ni mambo ya wanasheria. Ni kweli kwamba sheria ina neno lake hapa, nami nitaligusa. Lakini kabla ya kuwa swali la sheria, hili ni swali la maadili, kwa sababu linahusu ahadi. Na wahenga walikwisha kutuambia kwamba ahadi ni deni.

Sisi tuishio Kasese hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta mfano wa njia iliyoachwa. Reli ya kutoka Kampala ilifika hapa mwaka 1956. Ilijengwa hasa kwa ajili ya shaba ya Kilembe. Madini yalichimbwa milimani, yakapakiwa Kasese, yakapelekwa Jinja kuyeyushwa, na shaba iliyopatikana ikasafirishwa hadi bandari ya Mombasa. Mji wa Kasese wenyewe ulikua kwa sababu ya mgodi huo na reli hiyo. Lakini mgodi ulidhoofika katika miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji wa shaba ulikuwa umesimama. Reli iliendelea kwa kusuasua mpaka mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha magari ya moshi yakakoma kuja. Tangu hapo imesemwa mara nyingi kwamba njia hiyo itafufuliwa, na mipango ya reli mpya ya kuelekea mpaka wa Kongo imetajwa pia. Maneno hayo yamekuwa mengi, lakini kwa wakazi wa Kasese hali ni ile ile: njia ipo, gari halipo.

Mtu asiyeijua wilaya yetu aweza kushangaa kwa nini ukanda mwembamba wa ardhi uwashughulishe watu. Jibu ni kwamba kwetu ardhi ya wazi ni haba. Upande mmoja iko milima ya Ruwenzori, ambayo sehemu zake za juu zilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Upande mwingine iko mbuga ya Queen Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Vijiji vya wavuvi kama Kasenyi, kando ya Ziwa George, viko ndani ya mbuga hiyo, na wakazi wake wajua vizuri maana ya kuishi mahali ambapo hatua chache kutoka mlangoni ardhi si yako. Katika bonde linalobaki wamebanana wakulima, wafugaji, wafanyabiashara na miji inayopanuka. Mahali kama hapo njia ya reli iliyolala si kitu kidogo. Mwenye jembe huitazama, mwenye ng'ombe huitazama, na mwenye fedha na jamaa ofisini huitazama kuliko wote.

Hatari ya njia iliyoachwa imo katika ukimya wake. Serikali haisemi kwamba shauri limekufa, wala haisemi kwamba lingali hai. Mwaka wa kwanza watu huiogopa ardhi hiyo. Mwaka wa tano mtu mmoja hupanda mihogo. Mwaka wa kumi mwingine hujenga kibanda, na mwaka wa ishirini watoto waliozaliwa katika kibanda hicho hawajui kwamba walizaliwa juu ya reli. Kisha siku moja serikali hukumbuka. Jambo la namna hiyo lilitokea Kampala mwaka 2014, nyumba na vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi ya reli vilipobomolewa ili magari ya moshi yapate nafasi. Kisheria waliobomolewa walikuwa wavamizi. Lakini yafaa tujiulize ni nani aliyewafundisha kwamba pale hapana mwenyewe. Aachaye shamba lake likawa pori kwa miaka ishirini bila ya kusema neno, naye ana sehemu yake ya lawama.

Basi tuutazame mji ambao njia yake ya zamani haikulala. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Nairobi mwaka 1899, mahali ambapo jina lake latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Kutoka stesheni reli ilipita magharibi ya mji, ikapanda kuelekea nchi ya Wakikuyu na Bonde la Ufa. Mji ulipokua, reli hiyo ikawa kizuizi kati ya mjini na kilimani, na hatimaye ikahamishiwa upande wa Kibera. Njia ya kwanza ikabaki tupu. Wapangaji wa mji wakaona kwamba hapo pana nafasi ya barabara pana yenye miti, ya kuupa mji sura ya mji mkuu. Barabara hiyo ikapewa jina la binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth, na baada ya uhuru wa Kenya ikaitwa Uhuru Highway. Uhuru Park, bustani ya wananchi iliyofunguliwa mwaka 1969, iko kando yake.

Mfano huu una mema yake, nasi tusiyafiche. Njia iliyokuwa ya umma ilibaki kuwa ya umma. Haikugawanywa viwanja, haikuuzwa kwa watu wachache. Kila mtu, mwenye gari na mwenye miguu, aliipita bila ya kulipa. Kwa muda wa miaka zaidi ya hamsini wageni waliofika Nairobi waliuona mji kwanza kwa kupita katika barabara hiyo.

Lakini twendeni mbele kidogo. Mwaka 2022 ilifunguliwa barabara ya mwendo wa kasi ya Nairobi, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Katikati ya mji barabara hiyo husimama juu ya nguzo, na nguzo hizo zimesimama katika Uhuru Highway. Aipitaye hulipa ada. Asiye na ada hupita chini, kivulini mwa saruji. Mwaka 2019 palitokea malalamiko makubwa ilipojulikana kwamba mchoro wa kwanza ungemega sehemu ya Uhuru Park, na mchoro huo ukabadilishwa. Hapo wananchi walishinda. Lakini katika shauri lenyewe, la kuifanya anga ya barabara ya wote kuwa barabara ya wenye kulipa, sauti yao haikuwa na uzito uo huo.

Sisemi kwamba barabara ya kulipia ni haramu. Nasema kwamba njia ile moja imepata maisha matatu: kwanza reli ya dola ya kikoloni, pili barabara ya umma, tatu kivuko cha kulipia juu ya barabara ya umma. Katika kila badiliko lilitumika neno lile lile, yaani "manufaa ya umma", kana kwamba umma ulikubali mara moja tu, mwaka 1899, na kukubali huko kukatosha hata milele. Na ukweli ni kwamba mwaka huo umma haukuulizwa kabisa. Wamaasai waliolisha ng'ombe wao kwenye maji yale baridi hawakupigiwa kura.

Mfano ulio sawa kabisa na swali letu uko mbali na Afrika Mashariki, katika mji wa Atlanta nchini Marekani, nao wafaa kusimuliwa kwa kuwa ndani yake swali hili liliulizwa kwa sauti kubwa. Katika miaka ya 1960 idara ya barabara ya jimbo la Georgia ilikusudia kupitisha barabara kuu za magari ya kasi katikati ya mitaa ya makazi mashariki ya mji. Nyumba zaidi ya 500 zilinunuliwa na kuvunjwa. Wakazi waliobaki wakapinga, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 gavana wa jimbo hilo, Jimmy Carter, akalisimamisha shauri. Barabara haikujengwa. Nyumba hazikurudi. Palibaki ukanda mpana wa magugu, na ngazi za saruji zilizopanda kuelekea milango isiyokuwapo.

Carter alikuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1977 hadi 1981. Baada ya kutoka madarakani, maktaba yake na kituo chake vilijengwa juu ya ardhi ile ile iliyosafishwa, na maktaba ikafunguliwa mwaka 1986. Pamoja na maktaba lilikuja shauri la barabara mpya juu ya njia ya zamani, na mara hii yule aliyeizuia ya kwanza aliiunga mkono ya pili. Wakazi wa mitaa ile wakasimama tena. Walikwenda mahakamani, wengine wakajitia mbele ya mitambo, na ugomvi ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1991 pande zote zikapatana. Barabara iliyofunguliwa mwaka 1994 ilikuwa ndogo kuliko ile iliyokusudiwa. Haikukata mitaa ya mashariki, mwendo wa magari ulipunguzwa, na sehemu kubwa ya ardhi iliyobaki ikawa bustani yenye njia za watu waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Iliitwa Freedom Parkway, yaani barabara ya uhuru. Mwaka 2018 liliongezwa jina la John Lewis, mpigania haki za watu weusi. Naye alipokuwa diwani wa Atlanta katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa walioipinga barabara kubwa iliyokusudiwa mahali hapo.

Kisa hicho chatufundisha nini? Kwanza, kwamba mtu yule yule aweza kuliona shauri kuwa ni dhuluma akiwa mtawala, na kuliona kuwa ni maendeleo likimfikisha nyumbani kwake. Hilo si la kumcheka Carter peke yake. Ni tabia ya binadamu, na ndiyo sababu haki ya njia isiachwe mikononi mwa mtu mmoja, hata akiwa mwema. Pili, kwamba kuuliza upya hakukuizuia barabara. Kulibadili barabara. Tofauti kati ya ile iliyokusudiwa na ile iliyojengwa ndiyo thamani ya kuulizwa kwa watu.

Sasa niseme maoni yangu. Mtu anayeondolewa katika ardhi yake kwa ajili ya kazi ya umma hutoa vitu viwili. Hutoa ardhi, na hutoa utii wake kwa sababu aliyoambiwa. Kwa ardhi hulipwa fidia. Hapa Uganda Katiba ya mwaka 1995, katika kifungu cha 26, yataka fidia ya haki ilipwe kabla ya ardhi kutwaliwa, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ililithibitisha sharti hilo katika kesi iliyohusu ujenzi wa barabara. Hayo ni mema. Lakini fidia hulipa nyumba, hailipi sababu. Yule mzee aliyeambiwa, "Hama, reli yapita hapa, nayo itawafaa wajukuu wako," alipokea fedha za nyumba, na zaidi ya fedha alipokea ahadi. Reli isipopita, fedha zilikwisha kulipwa, lakini ahadi haijalipwa. Serikali ingali na deni lake.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni kwamba haki ya kuitumia ardhi ile haihamii shauri jipya yenyewe. Ni lazima iombwe upya. Anayelileta shauri la pili hana budi kusema wazi kwamba la kwanza limekufa, na kueleza kwa nini. Kisha awaendee waliohamishwa, au watoto wao, au angalau majirani waliobaki, na kuwauliza kana kwamba ardhi inatwaliwa leo.

Nayajua majibu ya wapinzani wa maoni haya, na yafaa yasikilizwe. La kwanza ni lile la mithali: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Waliohamishwa wamekwisha lipwa, wengine wamekufa, wengine hawajulikani waliko. Mji hauwezi kungoja wapatikane. Jibu langu ni kwamba sharti si kumpata kila mtu, sharti ni kumtafuta. Kuna tofauti kubwa kati ya mwenye deni asiyemwona mdai wake na mwenye deni anayefurahi kwamba mdai wake haonekani. Tena kuuliza kuna gharama ndogo kuliko ugomvi. Mjini San Francisco, barabara moja ya magari iliyosimama juu ya nguzo iliharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka 1989. Wananchi walipigishwa kura mwaka 1997, mwaka 1998 na tena mwaka 1999, iamuliwe kama ijengwe upya au pawekwe barabara ya chini yenye miti. Waliobeza walisema kwamba watu hawajui wanalolitaka. Hatimaye barabara ya chini, Octavia Boulevard, ilifunguliwa mwaka 2005, na sehemu ya ardhi iliyoachwa huru ikatengwa kwa ajili ya nyumba za watu wa kipato kidogo. Demokrasia ilikwenda polepole, lakini ilifika.

Jibu la pili ni zito zaidi. Wapinzani husema: ukilishika sharti hili, serikali haitaweza kubadili lolote. Shamba lililotwaliwa kwa shule halitaweza kujengwa zahanati bila ya kurudi kwa wenyewe. Hapa nadhani watu wa pwani wametutangulia kwa fikira, kwa kuwa wamelijua jambo hili kwa karne nyingi kwa jina la wakfu. Mtu huitoa nyumba au shamba kuwa wakfu kwa msikiti, kwa kisima au kwa mafukara. Tangu siku hiyo mali ile haiuzwi wala hairithiwi, na sharti la aliyeitoa huheshimiwa. Kusudi lake lisipowezekana tena, mathalani watu wa mahali pale wamehama wote, wanazuoni wamehitilafiana kuhusu lifanywe nini. Lakini wale walioruhusu badiliko wamesisitiza kwamba mali iendelee kuwa wakfu na iwafae watu kwa namna ya kwanza au kwa namna iliyo karibu nayo. Haigeuki kuwa chumo la msimamizi.

Kanuni hiyo yatufaa. Toka shule kwenda zahanati ni hatua fupi, maana watoto wale wale na mama wale wale watafaidika, na mkutano mmoja chini ya mwembe watosha kulimaliza jambo. Toka reli ya umma kwenda barabara ya umma ni hatua fupi vilevile. Lakini toka reli ya umma kwenda maduka ya mtu mmoja ni hatua ndefu, na kadiri hatua inavyorefuka ndivyo wajibu wa kuuliza unavyozidi kuwa mzito. Hivyo serikali haifungwi mikono. Inatakiwa tu iseme ukweli kuhusu urefu wa hatua inayotaka kuichukua.

Jibu la tatu latoka upande mwingine kabisa. Wako wasemao kwamba, ikiwa shauri limekufa, ardhi irudishwe moja kwa moja kwa wenyewe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012, katika kifungu cha 110, yafungua mlango huo. Kusudi la umma lililosababisha ardhi kutwaliwa likishindikana au likikoma, tume inayohusika yaweza kuwapa wenyewe wa kwanza, au warithi wa haki yao, nafasi ya kwanza ya kuichukua tena kwa kurudisha fidia waliyolipwa. Ni sheria yenye busara, nami natamani ingetajwa zaidi. Kwa shamba lililotwaliwa kujengwa ghala, naiona kuwa ni haki tupu.

Lakini njia si shamba. Thamani ya njia imo katika kuunganika kwake. Ukanda wa zaidi ya kilomita 300 kutoka Kampala hadi Kasese, uliopimwa na kusawazishwa, ukavushwa katika mito na vinamasi, ni kitu ambacho kizazi kimoja hakiwezi kukipata mara mbili kwa urahisi. Ukikatwa mahali pamoja, ukajengwa jumba la ghorofa, vipande vinavyobaki si njia tena. Ni viwanja virefu tu. Ndiyo maana kuugawa vipandevipande, hata kwa nia njema ya kuwarudishia watu, kwaweza kuwadhulumu watu wengi zaidi, wakiwamo wajukuu wa wale wale waliohamishwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Hapa haki mbili zagongana: haki ya mtu aliyenyang'anywa, na haki ya umma ujao ambao utaihitaji njia. Sidhani kwamba moja yaweza kuifuta nyingine. Nadhani zaweza kukaa pamoja iwapo tutafanya mambo matatu.

La kwanza, serikali ivunje ukimya. Kila baada ya muda uliowekwa, itangaze kwa lugha inayoeleweka na wakazi kama shauri la njia fulani lingali hai au limekufa. Mtu akijua kwamba gari la moshi litarudi, hatajenga. Akijua kwamba halitarudi, atauliza kwa haki kitakachofuata.

La pili, wakati wa kungoja, wanaoishi kando ya njia wapewe ruhusa ya muda iliyoandikwa. Mwenye kupanda maharagwe apande akijua mwisho wa ruhusa yake, na mwenye kuchunga achunge. Ruhusa ya namna hiyo haivunji njia, na humwondoa mkulima katika aibu ya kuitwa mvamizi juu ya ardhi ambayo pengine babu yake aliilima. Humlinda pia dhidi ya yule mwenye jamaa ofisini, ambaye aghalabu hufika baada ya mkulima na hati mkononi.

La tatu, shauri jipya litakapokuja, liwe reli, barabara au jingine lolote, wale waliobeba hasara ya la kwanza wawe wa kwanza kusikilizwa na wa kwanza kufaidika. Kama ni barabara, pawe na mahali pa wao kuivuka na mahali pa kuuzia mazao yao. Kama ni reli, basi isiwe yawapita kwa kasi na kuwaachia kelele.

Yamkini mwalimu mwenzangu atauliza yote haya yanahusuje chama cha walimu wa Kiswahili. Yanahusu, kwa kuwa dhuluma nyingi za ardhi huanza na maneno. "Manufaa ya umma," "hifadhi," "fidia," "mvamizi," "maendeleo": haya ni maneno ya lugha yetu, na huandikwa katika barua wanazopelekewa watu ambao hawana nafasi ya kuyachambua. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokubali mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi, lugha hii imekuwa karibu zaidi na meza ya mtawala. Ni juu yetu kuhakikisha kwamba iko karibu vilevile na mkono wa mtawaliwa. Mwanafunzi akijua kuuliza "umma gani?" na "manufaa ya lini?" amejifunza sarufi iliyo muhimu kuliko zote. Somo zuri la insha kwa darasa la Kasese au Bwera lingekuwa kuwatuma wanafunzi kwa wazee wao wakaulize: njia hii ilipita katika shamba la nani, aliambiwa nini, na je, aliloambiwa lilitimia? Majibu yaandikwe, yahifadhiwe shuleni. Siku shauri jipya litakapofika, palipo na kumbukumbu hapatasemwa kwamba wenyewe hawajulikani.

Kuuliza si ujinga, husema watu, na mara nyingi twamwambia hivyo mtoto anayeona haya darasani. Mithali hiyo yazifaa serikali pia. Yenye kuuliza mara ya pili haijidhalilishi, maana yaonyesha kwamba inakumbuka ilichoahidi mara ya kwanza. Barabara inayojengwa baada ya kuuliza huko, hata ikiwa nyembamba, hata ikichelewa miaka kumi, ndiyo niwezayo kusema bila ya wasiwasi kwamba imejengwa barabara.